Tanipu, Tufaha na Mkate: Halloween Yetu ya Nyumbani

Mwezi wa Oktoba ukiingia hapa Ayalandi, maduka hujaa mifupa ya plastiki, vinyago vya mpira na mavazi ya poliesta ambayo mtoto huyavaa usiku mmoja tu, tarehe 31, usiku wa Halloween, sikukuu ya watoto kujivika mavazi ya kutisha na kupita mlango kwa mlango, kisha yakaishia jalalani. Miaka miwili iliyopita binti yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka mitatu, alipita mbele ya mifupa ya namna hiyo dukani, nayo ikawaka macho mekundu na kutoa ukelele. Kwa wiki nzima alikataa kulala taa ikiwa imezimwa. Hapo ndipo nilipokata shauri kwamba sitawanyima wanangu sikukuu ambayo wenzao wote wanaizungumzia, ila tutaisherehekea kwa kadiri ya umri wao.

Nilifurahi kutambua kwamba sikuhitaji kubuni jambo jipya. Asili ya Halloween iko hapa hapa, katika Samhain, mkesha wa kuingia kwa majira ya baridi, nayo ilikuwa zaidi sikukuu ya jikoni na ya kuota moto. Watoto waliopita mlango kwa mlango waliomba matufaha na njugu, wala si mifuko ya peremende. Hata taa yenyewe ya Halloween, ile yenye sura iliyochongwa na mshumaa ndani, ilichongwa kwa tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo. Boga liliingia baadaye huko Marekani, ambako wahamiaji kutoka Ayalandi, wakiwemo waliokimbia njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852, walilikuta likiwa kubwa na laini zaidi. Katika makumbusho ya taifa yaliyoko Turlough Park, kaunti ya Mayo, ipo nakala ya plasta ya taa ya tanipu iliyotoka Fintown, kaunti ya Donegal, na sura yake inatisha kweli kweli, kwa hiyo ya kwetu tunaichonga ikitabasamu.

Tanipu ni ngumu. Mimi hukata kifuniko kwa kisu kikubwa, halafu watoto hupokezana kukwangua ndani kwa kijiko cha chuma, kidogo kidogo, na kila wanachokitoa hutumbukizwa katika sufuria ya supu. Kazi hiyo huchukua karibu saa nzima, na kijiko kimoja kimekwisha pinda shingo, lakini sijapata kuona mtoto wa miaka mitano akitulia kiasi hicho mbele ya kitu cha kununuliwa. Mshumaa ukiwashwa, kifuniko huungua taratibu na nyumba hujaa harufu kama ya kabichi iliyoshika sufuria. (Mshumaa nauwasha na kuuzima mimi mwenyewe, penye mtoto anayetambaa, taa ndogo ya betri inatosha.)

Kisha tunazima taa za umeme. Nasema “Paukwa!” nao wanaitikia “Pakawa!”, na hadithi za Sungura na Fisi zinaanza, kama mama yangu alivyotusimulia Tanga kwa mwanga wa kibatari. Mdogo hukaa mapajani mwangu, amejifunika khanga ambayo ndiyo vazi lake la usiku huo, na giza lililomtoa machozi sasa hulingoja kwa hamu.

Mchezo wetu mkubwa ni wa tufaha: linafungwa kamba na kuning'inizwa mlangoni, na mtoto hujaribu kuling'ata huku mikono ameifunga nyuma. Njugu nzima siwapi, kwa maana wadogo hukabwa nazo kwa urahisi. Halafu unakuja mkate unaoitwa barmbrack, wenye zabibu kavu zilizolowekwa katika chai, ambao kwa desturi hufichwa pete ndani, na atakayeipata huambiwa kwamba ataoa au ataolewa kabla ya wenzake. Pete naifunga kwa karatasi ya kuokea, na vipande nakata mwenyewe ili nijue iko wapi. Kipande kimoja tunampelekea jirani yetu, bibi anayeishi peke yake, na ndiyo safari yetu pekee ya mlango kwa mlango. Mwaka jana alituketisha jikoni kwake na kuwaeleza watoto jinsi baba yake alivyochonga tanipu kwa kisu cha mfukoni.

Tanipu letu hukaa dirishani hadi katikati ya Novemba. Kila asubuhi kabla ya shule wanangu huenda kulitazama linavyosinyaa, mdomo ukijikunja na macho yakizama, mpaka wenyewe waseme kwamba sasa limezeeka, nasi tukalizike bustanini.