Sweta ya mzee, kutoka Njoro hadi Karatina

Mimi gari likianza tu zile kona za kuteremka Mai Mahiu tumbo linaanza siasa, kwa hivyo mzee wangu aliposema Desemba tuzunguke siku tano, Njoro, Nyahururu, Nanyuki kisha turudi Nairobi, swali langu la kwanza halikuwa tutalala wapi, lilikuwa nitafuma nini bila kuangalia chini. Jibu nikabeba kazi mbili. Moja skafu ya mishono ya kawaida tupu, mkono unaenda wenyewe macho yakiwa barabarani. Ya pili sweta ya mzee, yenye mchoro wa rangi mbili kifuani, hiyo ya kushika tukisimama tu maana tuta moja linakupotezea hesabu unafumua safu nne. Sindano ndefu za chuma niliziacha nyumbani, kwa gari dogo zinamdunga dereva kiwiko, nikachukua zile zilizounganishwa kwa waya.

Uzi wa sweta nilikuwa nimenunua town, duka silitaji, nikaambiwa ni sufu. Tulipolala Naivasha nikakata kipande nikakiwasha kibiriti, kikayeyuka kikaganda kama shanga. Akriliki! Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika vidoleni. Nilikasirika usiku mzima, mzee akaniambia Mama Watoto lala, si kondoo wapo mbele huko.

Na kweli. Njoro tulipita kwa akina mama wa Kenana, kikundi cha wafumaji, nikakaa nikitazama rangi zinazotoka kwa majani na mizizi, lakini uzi wenyewe niliununulia Nanyuki, kwa kikundi cha wanawake wanaosokota na kufuma tangu 1977. Mama mmoja akanipigia hesabu: mwanaume wa kifua sentimita 110, gramu 700 hivi. Mimi mjanja nikachukua 500 kwa kuogopa bei. Akanionya pia, mamangu usiifue na maji moto ukiisugua, itabaki ya mtoto.

Uzi wa kusokotwa kwa mkono ni mnene hapa, mwembamba pale, kwa hivyo jioni hiyo nikafuma kipande cha kupimia kabla ya kuanza, kitu ambacho huwa naruka kwa uvivu. Nilikuwa nimepanga mishono 18 kwa sentimita 10, nikapata 16. Ile mishono 198 ningeianzisha ingenipa sweta ya sentimita 124, yaani ya kuvaa na jirani ndani. Nikashuka hadi 176.

Sasa ule uzi huja kwa mafungu, haujakunjwa donge. Pale ikweta watu wamezunguka karai kuonyeshwa maji yanavyozunguka, sisi tumekaa ndani ya gari, mzee amenyoosha mikono kama amesimamishwa na polisi, fungu limening'inia, mimi nakunja. Kuna mtalii alitupiga picha badala ya karai. Hapo ndipo niliona mafungu hayalingani rangi, moja kijivu cha wingu lingine kijivu cha jivu, na kurudi dukani mzee amekataa. Nikafuma kwa madonge mawili, safu mbili huku safu mbili kule, na tofauti ikapotea kabisa, huwezi kuiona hata ukiambiwa.

Tulipofika Karatina ilikuwa wazi uzi wa mikono ya sweta hautatosha. Nikaingia soko la mitumba nikatafuta sweta ya kahawia iliyoandikwa sufu asilimia 100. Siri iko kwa mishono ya ubavuni: ukikuta kingo zimekatwa na kuzungushiwa uzi kwa cherehani iache, ukifumua utapata vipande vifupi vifupi, tafuta ile iliyounganishwa kwa mnyororo, unavuta mwisho mmoja inafunguka yote. Shilingi mia na hamsini. Nilifumua kuanzia Sagana hadi Thika, uzi umejikunja kama tambi mapajani, nyumbani nikaulowesha nikauning'iniza na chupa ya maji ukanyooka.

Sweta iliisha Januari, kijivu hadi kwenye viwiko, kutoka hapo kahawia. Mzee anaivaa kazini na wakimuuliza huo ni mtindo wa wapi anawajibu Karatina.