Daraja jipya, njia panda ile ile

Nikienda kukagua daraja la zamani, chombo changu cha kwanza ni nyundo. Vipimo vya kisasa ninavyo, lakini nyundo haiishiwi chaji. Naingia chini ya daraja, nagonga zege karibu na pale vipande viwili vya sakafu vinapokutana. Zege nzima hulia mlio mkavu, mkali. Zege iliyoachana na nondo hulia kama debe tupu. Ukisikia hivyo, kutu imeshaingia kazini: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, basi inasukuma kutoka ndani mpaka zege inapasuka na kumeguka. Chanzo mara nyingi kiko juu, kwenye mpira wa maungio uliochakaa, ule ambao abiria wanaujua kwa "gudugudu" tu. Maji yanapenya hapo, yanateremka hadi vichwa vya nguzo, na yanafanya hivyo miaka nenda miaka rudi.

Hilo ni la daraja. Kinachonikera mimi ni kinachofuata likishahukumiwa kubomolewa. Fedha na macho yote huhamia kwenye daraja jipya, na njia panda iliyo hatua chache tu kutoka mdomoni mwake inaandikwa "awamu ya pili". Awamu ya pili, wenyewe mnaijua.

Shida ni kwamba daraja jipya karibu kila mara huwa juu kuliko la zamani. Tunataka mafuriko yapite chini na magogo yake bila kugonga mihimili. Barabara nayo lazima ipande ilifuate. Ukiipandisha mita 1.5 kwa mwinuko wa asilimia 4, unahitaji mita 37 na nusu za tuta, hapo bado hujalainisha kilele. Njia panda ikiwa mita 30 kutoka darajani, imeshamezwa na tuta. Sasa yule anayetoka barabara ya pembeni anasimama mlimani, mguu kwenye klachi, na kingo za daraja zinamziba asione nani anakuja. Na huyo anayekuja, akiwa na kasi ya kilomita 60 kwa saa, anakata karibu mita 17 kila sekunde. Wasanifu wengi humhesabia dereva sekunde 2.5 za kuona na kuamua. Mita 40 na ushee zimekwisha kabla breki haijaguswa!

Halafu kuna foleni. Weka taa za kuongozea magari karibu na daraja bila kupiga hesabu, na malori yatalala juu ya daraja, pua kwa mkia. Daraja jipya lililosanifiwa vizuri litavumilia. Ninaloliogopea ni lile la zamani, ambalo kwa kawaida linaendelea kubeba magari wakati jipya linajengwa ubavuni. Mwaka 2007 daraja la barabara kuu ya I-35W, Minneapolis, Marekani, lilianguka likiwa kwenye ukarabati na watu 13 wakafa. Mabamba yanayounganisha vyuma vyake yalikuwa membamba tangu kwenye usanifu, na siku ile vifaa na shehena za ujenzi zilikuwa zimerundikwa juu yake. Kwa hiyo nikiona mkandarasi anamwaga kokoto juu ya daraja kuukuu eti kwa muda tu, sina adabu tena.

Nafasi ikiwepo, mimi ni mtu wa kipilefti. Njia panda ya kawaida yenye barabara nne ina sehemu 32 ambazo njia za magari zinaweza kugongana. Kipilefti ambacho magari yanazunguka kwa mstari mmoja kina 8. Ila kisibanwe mdomoni mwa daraja, na kisiwa cha katikati kizungushiwe ukingo mpana wa kukanyagika, maana tela refu halikunji kona kama pikipiki. Waenda kwa miguu wasisahauliwe pia. Nimeona njia ya miguu nzuri kabisa, imepangwa tofali kwa tofali darajani, inaishia kwenye mtaro.

Mkiitwa kwenye mkutano wa mradi, msishangae ile picha ya rangi yenye miti na mama anayesukuma mtoto kwenye kigari. Ombeni mchoro unaoonyesha barabara kwa ubavu, jinsi inavyopanda na kushuka. Wekeni kidole kwenye njia panda, muulize: hapa itanyanyuka kiasi gani, na foleni ya asubuhi itaishia wapi? Mhandisi aliyekwisha kulifikiria atajibu papo hapo. Akisema atawaletea majibu baadaye, hakikisheni swali limeingia kwenye muhtasari wa kikao kabla hamjaondoka.