Laini ya Kilovolti 220 Inabeba Megawati Ngapi?

Swali hili halina jibu la namba moja. Laini ya umeme yenye waya uleule na msongo (volti) uleule inaweza kupitisha megawati 360 ikiwa na urefu wa kilomita 80, ikaishia 120 ikifika kilomita 480. Kwa hiyo kabla ya kuagiza waya mnene zaidi, jua kwanza kinachoibana: ni joto, au ni umbali?

Tuanze na joto. Chukua waya wa Drake, nyuzi 26 za alumini zilizosokotwa juu ya nyuzi 7 za chuma, kipenyo milimita 28.1. Hewa iko sentigredi 40, jua linawaka, upepo mwepesi wa mita 0.61 kwa sekunde unaukata waya kwa pembe mraba, nasi tumekubaliana waya usizidi sentigredi 100. Kwa kila mita moja, upepo huondoa joto la wati 81.9 na mnururisho wati 39.1, huku jua likiongeza 22.4. Zinabaki wati 98.6, na hicho ndicho kiasi ambacho mkondo unaruhusiwa kuzalisha ndani ya waya. Gawanya kwa ukinzani wake katika joto hilo, omu 0.0000939 kwa mita, kisha tafuta kipeuo cha pili: ampia 1,025 hivi. Kwa kilovolti 220 hiyo ni MVA (megavolti-ampia) 390, karibu sawa na megawati 390.

Sasa upepo utulie kabisa. Wati 81.9 zinashuka hadi 42.4, na hesabu ileile inakupa ampia 790 tu. Karibu robo ya uwezo imepotea na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana kipande cha laini kilichojificha bondeni au nyuma ya msitu ndicho kinachostahili kupimwa, wala si kile cha mlimani kinachopigwa upepo mchana kutwa.

Joto hilo pia huulegeza waya. Kati ya minara iliyoachana mita 300, Drake uliovutwa kwa kilonewtoni 28 hulegea kama mita 6.4 kwa sentigredi 20. Ukifika 75, unarefuka sentimita 26 hivi tu, lakini katikati unashuka karibu mita 2 nzima. Mara nyingi mita hizo mbili ndizo zinazoweka kikomo, kabla alumini yenyewe haijaanza kupoteza nguvu.

Laini ndefu ina kikomo kingine kabisa. Kuna mzigo wa asili, ambapo umeme tuli wa laini na usumaku wake vinalingana: zidisha msongo kwa wenyewe, kisha gawanya kwa omu kama 400 za laini yenye waya mmoja kwa kila fazi. Kwa kilovolti 220 ni megawati 121. Kanuni ya St. Clair, inayotumiwa na wapangaji tangu 1953, inaruhusu takriban mara tatu ya mzigo huo kwa kilomita 80, na mara moja tu kwa kilomita 480. Ukizidisha hapo, volti huporomoka upande wa pili na mitambo ya kuzalisha umeme ya huku na kule hukaribia kuachana mwendo, ilhali waya wenyewe bado wa baridi. Kuubadilisha ni kupoteza fedha. Dawa ni kapasita za mfululizo (zinazofungwa ndani ya laini yenyewe kupunguza athari ya usumaku wake), vituo vya katikati vya kushikilia volti, au kupandisha msongo. Kwa kilovolti 400 na waya pacha, yaani mbili kwa kila fazi, mzigo wa asili unazidi megawati 500, na hii inaeleza kwa nini njia ya Iringa hadi Shinyanga, kilomita 670, ilijengwa kwa msongo huo ikipita vituo vya Dodoma na Singida.

Usisahau maungio. Alumini hushika utando mwembamba wa kutu mara inapokutana na hewa, na kutu hiyo haipitishi umeme. Piga brashi ya waya, paka grisi ya maungio papo hapo, ndipo ubane. Ungio lililobanwa bila kusafishwa litachemka kwa mzigo ambao waya wenyewe hauusikii. Lipime kwa kamera ya joto laini ikiwa na mzigo mkubwa.

Na mkuza, yaani ukanda wa ardhi chini ya laini, usafishwe. Tarehe 14 Agosti 2003, saa 9:05 alasiri, laini ya kilovolti 345 ya Harding–Chamberlin huko Ohio, Marekani, iligusa mti na kukatika ikiwa imebeba asilimia 44 tu ya uwezo wake. Mzigo wake ukahamia kwa jirani zake, nazo zikalegea na kugusa miti kabla ya saa 10.