Jioni ya Taa ya Buluu

Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili mjini Oslo, kilichoninyima usingizi ni dawa iliyokuwa tayari ndani ya seli, lakini haifanyi kazi. Tulikuwa tunashughulika na siRNA, vipande vifupi vya RNA vyenye herufi 21 hivi, ambavyo seli huvitumia kuitambua na kuikata RNA mjumbe, yaani nakala inayobeba maagizo ya jeni fulani, protini yake isitengenezwe. Wanasayansi Andrew Fire na Craig Mello walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2006 kwa kugundua uzimaji huo wa jeni. Shida ni kwamba seli ikivimeza vipande hivyo huvifungia kwenye vifuko viitwavyo endosomu, na vingi husagwa humohumo.

Oslo ndiko Kristian Berg na wenzake, katika hospitali ya Radiumhospitalet, walikobuni njia ya kuvipasua vifuko hivyo kwa mwanga. Seli hupewa kemikali inayojipachika kwenye utando wa endosomu. Ikimulikwa, huifanya oksijeni ya jirani kuwa kali hadi iuharibu utando, na oksijeni hiyo hupoa kabla ya kufika mbali. Hapo ndipo uzuri wote ulipo, kwa maoni yangu: mwanga ukipimwa vizuri, mfuko hupasuka na seli nyingi hubaki hai.

Jioni moja nilifanya kazi karibu gizani, sahani zimefungwa karatasi ya alumini. Moja niliiweka juu ya taa ya buluu, nyingine nikaiacha imefungwa. siRNA yetu ilitiwa rangi ya kijani inayong'aa. Kwenye hadubini, sahani ya gizani ilionyesha nukta kali za kijani zilizojikusanya kandokando ya kiini. Katika ile iliyomulikwa nukta zilikuwa zimetoweka kwenye seli nyingi, na ukijani umetapakaa seli nzima. Nilipiga kelele. Mwenzangu alikuja, akatazama, akairudia sahani ya gizani, kisha akasema, "Piga picha upesi, rangi itafifia!"

Baadaye tulipima protini tuliyoilenga. Kwenye seli zilizomulikwa ilikuwa imepungua sana. Kwenye zile za gizani, zilizopewa siRNA kiasi kilekile, ilibaki karibu vilevile. Nikamuuliza msimamizi wangu lini tutajaribu kwa uvimbe wa kibofu, kwa kuwa huko mwanga hupitishwa kwa uzi mwembamba wa kioo bila kumpasua mgonjwa. Akasema kwanza turudie jaribio lote. Kesho yake asubuhi nilikuwa nakuza seli nyingine.