Ng'ombe wa mzee ndio waliotufungulia mlango wa komini

Akija mtu kukwambia kwamba haki za wanawake zinaanzia kwenye semina, mlete kwetu Bukavu, mashariki mwa Kongo, apande mlima hadi mtaani kwetu, aulize karatasi za semina yetu ya mwaka 2019 ziliishia wapi. Mimi najua. Ziliishia kufungia mandazi. Niliyanunua mwenyewe asubuhi, matatu ya moto, na mafuta yalikuwa yameshakula nusu ya kifungu cha 14 cha Katiba, kile kinachozungumzia usawa wa mwanamke na mwanaume. Nilibaki nimeishika karatasi ile njiani hadi mandazi yakapoa.

Lakini lazima nianze na jirani yangu. Oktoba 2018, ilipotangazwa kwamba Daktari Denis Mukwege wa hospitali yetu ya Panzi, anayetibu wanawake waliobakwa, amepata Tuzo ya Nobel ya Amani, mji mzima ulishangilia, nami nilishangilia hadi sauti ikakauka. Wiki hiyohiyo jirani yangu, mama wa watoto wanne, alikuwa anamaliza matanga ya mume wake. Ndugu za marehemu walifika, wakakaa, wakala, kisha wakaanza kuhesabu: godoro, redio, mabati, milango. Alipouliza wanahesabu nini, shemeji yake mkubwa akamjibu: "Wewe haukuolewa. Ulikaa tu."

Miaka kumi na moja. Mahari ilitolewa, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilinywewa, wazee walibariki. Hakuna aliyekwenda komini, ofisi ya serikali ya eneo letu, kuandikisha ndoa. Shahidi mmoja ameshafariki, mwingine alikuwa kwenye machimbo ya Kamituga, simu yake haipatikani. Kabla ya mwaka mpya nyumba ilikuwa imeuzwa, na yeye na watoto wake wamehamia kwa dada yake kule Bagira, chumba kimoja.

Kilichoniuma zaidi ni hiki. Mimi nilikuwa mwanaharakati wa siku nyingi. Tarehe 17 Oktoba 2010, Matembezi ya Wanawake Duniani yalipohitimishwa hapahapa Bukavu, nilikuwa barabarani na maelfu ya wanawake, wa hapa na wa nchi za mbali, tunaimba. Kila 8 Machi nashona kikwembe, yaani kitenge, na kuandamana. Na mama huyu tuliyegawana naye ukuta, sikuwahi hata siku moja kumuuliza: "Mama, ndoa yenu imeandikwa?"

Tukakusanyika wanawake wanane. Hakuna anayetulipa hadi leo. Wawili wanauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, soko la Kadutu, mmoja ni mwalimu, mmoja fundi cherehani, wengine wana vibanda vyao. Tulikubaliana jambo moja tu: kila ndoa ya kimila mtaani kwetu iandikishwe komini, mke awe na karatasi mkononi.

Hapo ndipo ushauri mbaya ulipotuangukia. Bwana mmoja mwenye ofisi yake mjini, mtu wa miradi, alituambia hakuna mtu atakayetusikiliza bila semina. Lazima bango, lazima orodha ya mahudhurio, lazima mwanasheria, lazima nauli kwa kila anayekuja. Tulimwamini. Tulichanga kutoka kwenye likelemba yetu, mchango wetu wa kupokezana, kitu kama dola mia na themanini, labda mia mbili, tukakodi ukumbi wa kanisa, tukachapisha karatasi.

Mvua ilinyesha siku hiyo. Mnajua mvua ya Bukavu ikipiga bati: mwanasheria alikuwa anafungua na kufunga mdomo tu. Iliponyamaza kidogo tukagundua kwamba anasoma sheria kwa Kifaransa, kifungu baada ya kifungu. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu alikuwa anatoa sambaza kwenye beseni lake, anawatenga wa kukausha na wa kuuza mbichi, vidole vinakwenda vyenyewe, hakuinua kichwa saa nzima. Wakati wa kugawa nauli ndipo waliofika walionekana kuwa wengi kuliko viti. Na jioni waume wawili walikuja kwangu kunifokea: eti nawafundisha wake zao namna ya kuwanyang'anya nyumba. Katika wanawake sitini na zaidi waliotia sahihi, waliokwenda komini walikuwa sifuri.

Nililia. Kisha nikakasirika, na hasira ilinisaidia kuliko machozi.

Baada ya wiki chache nilimfuata baba mkwe wangu mahali anapokunywa kasiksi na wazee wenzake, nikitaka ufunguo tu. Walikuwa wanabishana. Mzee mmoja alikuwa analalamika kwamba alipeleka ng'ombe sita kwa ajili ya mke wa mwanawe, huko Walungu, na sasa upande wa wakwe wanasema walikuwa wanne. Waliowapokea wamekufa. Alikuwa anahesabu kwa vidole: yule mwekundu, yule mwenye pembe iliyovunjika, ndama wake... Akafika wa sita, akaninyooshea kidole hicho cha sita kana kwamba mimi ndiye niliyemla.

Nikamwambia, kwa heshima: "Papa, ng'ombe hao wameandikwa wapi?"

Akanyamaza. Wote walinyamaza. Nikaendelea: "Ndoa ikiandikishwa komini, mahari nayo inaandikwa. Inaandikwa imetolewa kiasi gani, na mashahidi wa pande zote mbili wanatia sahihi. Hata mkifa wote hapa, ng'ombe hawatakufa."

Sijawahi kuona wazee wakiamka kwenye kasiksi upesi namna ile. Kesho yake asubuhi, kabla sijawasha makaa, mzee wa ng'ombe sita alikuwa mlangoni kwangu, amevaa koti, pamoja na mwanawe na mkwe wake, na kuuliza: "Mama, tunakwenda saa ngapi?"

Kuanzia siku hiyo hatukuita mkutano hata mmoja. Tulinunua daftari. Tulipita nyumba kwa nyumba, na kwa wanaume swali letu lilikuwa moja: mahari yako imeandikwa wapi? Kwa wanawake tulieleza polepole, kwa Kiswahili au Kimashi, tukiwasaidia kuchambua sombe, majani ya muhogo, huku tunaongea. Kwamba sheria ya familia ya 1987 ilirekebishwa Julai 2016, na ile ruhusa ya mume ambayo zamani mke alilazimika kuiomba kabla ya kutia sahihi mkataba imeondolewa. Kwamba mume akifariki, watoto ndio warithi wa kwanza, wana robo tatu ya mali, si baba zao wadogo. Kwamba mjane ana haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mumewe. Sheria hiyohiyo bado inamwita mume mkuu wa nyumba, na hilo tunalipinga na tutaendelea kulipinga. Lakini mjane asiye na karatasi hafiki hata kwenye ubishi huo, maana anaambiwa kwamba hakuwa mke.

Dada zangu wa harakati walinigombeza, wengine kwa ukali. Walisema natukuza mahari, namfanya mwanamke kuwa bei ya ng'ombe. Niliwasikiliza, na maneno yao nayaheshimu. Jibu langu ni lilelile: sheria yetu yenyewe inaitambua mahari kwenye ndoa, na mimi nilianza na watu pale waliposimama. Mzee yule hakuwa tayari kusikia haki za mkwe wake. Alikuwa tayari kuandika ng'ombe. Kwenye karatasi ileile yameandikwa yote mawili.

Tatizo la pili lilikuwa dirishani. Sitataja ofisi. Mke na mume wakienda peke yao waliambiwa bei moja leo, nyingine kesho: faranga elfu ishirini, mara dola kumi na tano, mara "mrudi Jumatatu," na risiti haionekani. Wengi walikata tamaa hapo. Sasa tukaamua kwamba hakuna anayekwenda peke yake. Tulikwenda wenzi kumi kwa siku moja, na mashahidi wao, na wazee wao, watu kama hamsini, vikwembe vya siku ya sikukuu, na kila mtu anaulizwa kwa sauti mbele ya wengine: "Umepewa risiti?" Yule wa dirishani alitutazama sana. Bei ilishuka siku hiyohiyo ikabaki moja, na risiti zikapatikana. Kama mnataka kuiga jambo moja tu kwetu, igeni hili la kwenda kundi. Na mwende asubuhi mapema, wazee hawawezi kusimama juani. Vitambulisho mvikague nyumbani. Tulirudishwa mara mbili kwa sababu ya herufi moja ya jina.

Hadi mwisho wa 2021 daftari letu lilikuwa na ndoa 43 zilizoandikishwa. Watoto waliozaliwa wakati huo tuliwaandikisha pia, ndani ya zile siku 90, ili wasihitaji kupitia mahakamani.

Mwaka 2022 alifariki mume wa mama mmoja wa daftari letu, ni yuleyule aliyekuwa anatenga sambaza siku ya mvua. Ndugu za marehemu walikuja siku ya kumaliza matanga, na mimi nilikuwepo, nimekaa jikoni na wenzangu, moyo unadunda. Wakaanza vilevile: godoro, mabati. Yeye hakusema kitu. Aliingia chumbani, akatoa mfuko wa plastiki chini ya mtungi wa unga, akautikisa kutoa unga, akafungua karatasi na kumkabidhi shemeji yake mkubwa kwa mikono miwili.

Alisoma kwa muda mrefu. Jina la ndugu yake. Jina la mke. Ng'ombe wanne, mbuzi wawili. Kisha akafika chini, kwenye mashahidi, na hapo palikuwa na alama ya kidole gumba, ya wino wa bluu, na jina la baba yao mdogo, aliyekuwa amekaa palepale kwenye kiti, fimbo katikati ya magoti.

"Baba mdogo, hiki ni kidole chako?"

Mzee aliinua gumba lake akaliangalia. "Ni changu," akasema. "Wale ng'ombe niliwapeleka mimi. Keti chini."

Wakaketi. Mama yule bado yumo nyumbani mwake, na siku za jua ukipanda kwetu utaona sambaza wake wameanikwa juu ya mabati yaleyale waliyokuwa wanayahesabu.