Mfereji unatoka

Usiku wa tatu tangu nirudi Unguja, mama alinigongea mlango saa nane na kuniambia, "Amka mwanangu, mfereji unatoka." Nilikuwa nimeishi miaka 11 katika mji wa Phoenix, jimbo la Arizona, na katika muda huo neno hilo lilinigeukia maana bila ya mwenyewe kutambua. Kwetu mfereji ni pale uani unapofungulia maji. Kule nilizoea kuuita mfereji ule mto wa kuchimbwa unaokata jangwa na kupita katikati ya mitaa. Kwa hiyo nilipozinduka nilidhani, kwa nukta chache, kwamba kuna mto umetoka nyuma ya nyumba yetu ya Kikwajuni.

Nilimkuta mama ameshapanga ndoo na madumu matano ya mafuta ya kupikia, na maji yanashuka kwa uzi mwembamba kiasi cha mtu kuweza kumaliza uradi wake kabla dumu moja halijajaa. Tulipokuwa tunasubiri nilimsimulia juu ya mwenye nyumba wangu wa Phoenix, mzee ambaye naye alikuwa akiamka saa nane usiku kwa ajili ya maji. Baadhi ya mitaa ya mji ule bado humwagilia bustani kwa njia ya zamani: kila nyumba ina zamu yake iliyoandikwa saa na dakika, na zamu ikifika maji ya mfereji mkubwa huingia uani na kufunika vifundo vya miguu chini ya michungwa na mibalungi. Anayefungua malango ya mfereji huitwa zanjero, neno la Kihispania lenye maana ya mtu wa mfereji. Mama alicheka. "Kumbe na Marekani wanakesha?"

Wanakesha, na wana sababu. Phoenix hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka mzima, kiasi ambacho masika yetu hukipita bila ya taabu. Mto Salt, uliouzaa mji huo, ni mchanga mkavu katika sehemu kubwa ya mapito yake mjini, kwa kuwa maji yake huzuiwa na mabwawa huko juu milimani, na mengine huletwa kutoka mto Colorado kwa mfereji wa kilomita 540 hivi uliokamilika mwaka 1993. Karne nyingi kabla ya hapo, watu wanaoitwa Huhugam walikwisha kuchimba mamia ya kilomita za mifereji kwa zana za mkono. Walowezi wa karne ya 19 waliifuata alama zake, na ndiyo maana mji ukapewa jina la ndege wa hadithi anayefufuka katika majivu yake.

Pamoja na hayo, mtu anaweza kuivuka mifereji hiyo kwa gari kila siku asiitazame hata mara moja. Hapo ndipo kazi za wasanii ziliponigusa, mimi niliyekwenda kule kwa ufundi wa umeme na si kwa sanaa. Mwaka 2003 Mags Harries na Lajos Héder waliigeuza sehemu iitwayo Arizona Falls, ambapo mfereji huporomoka kiasi cha mita sita, ikawa kama chumba ambacho kuta zake ni maji yanayoanguka. Magurudumu ya meno ya mtambo wa zamani wa umeme yameachwa hapo yaonekane, na maji hayo hayo bado yanazungusha mtambo mdogo wa kuzalisha umeme. Nilikuwa nikienda siku za Julai, joto likiwa limevuka nyuzi 40, na kukaa kama ninavyokaa barazani, manyunyu yakinipiga usoni na mngurumo ukizuia mazungumzo.

Janet Echelman naye alitundika mwaka 2009, katikati ya mji, wavu mkubwa ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Siri Yake ni Subira. Mtu wa pwani hawezi kuutazama asikumbuke jarife. Kuhusu taa zinazowekwa kila Novemba juu ya mfereji wa Scottsdale, mji jirani na Phoenix, ambazo waya zake nimezivuta kwa mikono yangu, nitasema kweli: nyingine ni mapambo tu, na zingependeza vile vile juu ya duka. Arizona Falls huwezi kuihamisha.

Juzi nilikwenda Hamamni, kwenye hamamu, yaani nyumba ya kuogea ya zamani, ya Mji Mkongwe. Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, naye alikuwa mtu wa kurudi, kwani kabla ya kutawala alihamishiwa Bombay. Ndiye aliyeuletea mji maji ya chemchem ya Bububu, na ndiye aliyejenga hamamu ile. Leo mabirika yake ni makavu, na wageni hulipa kiingilio kuyapiga picha. Nilisimama pale nikawaza taa moja tu, iliyofungwa ndani ya birika kavu na kuunganishwa na bomba la mtaani, ambayo ingewaka pale tu maji yanapofika.

Nilimweleza mama wazo hilo tukiwa tunabeba madumu. Aliliweka lake chini, akajifunga kanga upya.

"Taa hiyo ifunge hapa uani kwanza," alisema, "nipate kulala."