Catan kwa meza ya wasiojuana: ninavyoiendesha Nairobi

Kwenye mikutano ya michezo ya mezani hapa Nairobi, meza nyingi huharibika kabla dadu hazijarushwa. Boksi linafunguliwa, mmoja anasoma kijitabu cha sheria kwa sauti, wengine wanashika simu, na nusu saa inapita bila mtu kuweka hata kijiji kimoja. Mimi mara nyingi hupewa meza ya watu wasiojuana na wasiowahi kucheza, na ninawatolea Catan, mchezo wa kujenga vijiji, miji na barabara kisiwani kwa kadi za mali kama mbao, tofali na ngano. Wapo wanaoona umezeeka, maana ulitoka Ujerumani mwaka 1995. Kwangu bado haujapata mpinzani kwa kazi hii: usipobadilishana mali na jirani, ujenzi hukwama, kwa hiyo watu wanaanza kuongea wenyewe.

Shida ya kwanza ni saa. Mkikubaliana saa nane, mmoja atakuwa bado kwenye msongamano wa Thika Road. Catan ya kawaida ni ya watu 3 au 4, na aliyekosa kuweka vijiji vya mwanzo hawezi kuingizwa katikati. Basi silifungui boksi hilo kwanza. Natandaza Codenames, mchezo wa kukisia maneno ya timu yako kwa kidokezo cha neno moja: maneno 25, tano kwa tano, timu mbili, na anayechelewa anaingia upande wenye watu wachache bila kuvuruga chochote. Kadi zangu ni za Kiswahili, nimezikata kwenye karatasi ya manila, kila neno limeandikwa mara mbili, moja likitazama juu na jingine chini, ili pande zote za meza zisome. Chagua maneno kama mbuzi, kaa, paa, panda na shuka. Yakiwa ya maana moja tu, hakuna njia ya kupotezana, na mchezo unapoa.

Wanne wakitimia, natandika pazia zito la mitumba juu ya meza. Dadu hazirukii sakafuni, vigae havitelezi, na kadi ni rahisi kuinua. Soda na chai hukaa kwenye kiti cha pembeni, chips zinaliwa baadaye. Mafuta na sukari ndivyo vinavyoua kadi: zikishanata, hazichanganyiki vizuri tena.

Kuna vigae 19 vya ardhi na visahani 18 vya namba, kwa sababu jangwa halina namba. Dadu zikitoa namba ya kigae, wenye vijiji kwenye kona zake hupata mali yake. Ukipanga kwa bahati nasibu, hakikisha 6 na 8, zile nyekundu, hazigusani, la sivyo pembe moja ya kisiwa itatajirika na wengine watazame tu.

Kufundisha hakuzidi dakika kumi, na mpangilio ndio kila kitu. Naanza na mwisho: mshindi ni wa kwanza kufikisha pointi 10 katika zamu yake. Kijiji ni 1, mji ni 2, barabara ndefu kuliko zote (kuanzia vipande 5) ni 2, jeshi kubwa kuliko yote (kuanzia askari 3, wanaotoka kwenye kadi za maendeleo) ni 2. Halafu zamu: rusha dadu, fanya biashara, jenga. Bei sizikariri, kila mtu ana kadi ya bei mbele yake. Kadi za maendeleo nazieleza mtu anaponunua ya kwanza. Ukizieleza mapema zinasahaulika.

Muda niliouokoa hapo nautumia kwenye kuweka vijiji, maana hapa ndipo mgeni hushindwa bila kujua. Dadu mbili zina matokeo 36. Saba hutokea kwa njia 6, sita na nane kwa njia 5 kila moja, mbili na kumi na mbili kwa njia moja tu. Vitone chini ya kila namba ni hesabu hiyohiyo. Namwambia kila mmoja ajumlishe vitone vya vigae vitatu vinavyozunguka kona anayoitaka: 10 na zaidi ni kona nzuri, chini ya 7 aiache. Vijiji viwili kwa pamoja viguse angalau aina nne za mali. Wengi hukimbilia ngano na mawe wakiwaza miji, kisha wanakwama, kwa kuwa kila barabara inadai mbao na tofali. Pia kati ya kijiji na kijiji lazima ziwe kingo mbili au zaidi, awe ni nani mwenye kijiji. Uwekaji huenda 1, 2, 3, 4, halafu unarudi 4, 3, 2, 1, na mali za kuanzia hutoka kwenye kijiji cha pili pekee.

Ile saba ina ukali wake. Ikitoka kwenye dadu, kila mwenye kadi za mali zaidi ya 7 anatupa nusu, tukishusha hesabu: mwenye 9 anatupa 4. Kwenye meza ya wanne, toka umalize zamu yako hadi uweze kujenga tena, dadu hurushwa mara nne, na uwezekano wa saba kutokea angalau mara moja umezidi nusu kidogo. Mgeni anayelimbikiza aelezwe hivyo kwa namba. «Kuwa mwangalifu» haimfikii.

Biashara ni kati ya mwenye zamu na wengine; wawili wasio na zamu hawabadilishani. Ninatangaza pia lugha. Marafiki wawili wakipatana kwa Kikuyu au Dholuo mbele ya wenzao wasiosikia, meza imeshagawanyika na waliobaki wataacha kuuza. Kiswahili, Kiingereza au Sheng, lolote ambalo wote wanne wanalisikia.

Kwa wageni wanne natenga saa mbili, mbali na mafunzo. Tukianza baada ya saa tisa unusu, tunacheza hadi pointi 8, kwa sababu jioni, hasa ikinyesha, nauli ya matatu hupanda. Hilo lisemwe kabla ya kuweka kijiji cha kwanza. Ukilipunguza lengo katikati, unamnyang'anya aliyekuwa akijenga barabara yake taratibu.

Kufunga boksi ni kazi ya wote. Kadi za mali ni 95, yaani 19 za kila aina. Kila mtu ahesabu aina yake, na mmoja ahesabu kadi 25 za maendeleo. Kila rangi ina vijiji 5, miji 4 na barabara 15. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, hivyo kila rangi ina kikopo chake chenye kifuniko. Barabara ikipotea, kipande cha kijiti cha mshikaki kilichokatwa kwa urefu uleule na kupakwa rangi ya kucha hufanya kazi bila tatizo.